Giza la Aina Tatu: Uchague True Detective, Mindhunter au Dark?

Mtu anayeomba kupendekezewa tamthilia ya taharuki yenye giza, ile inayomwacha mtazamaji kimya hata baada ya majina ya wasanii kumaliza kupita kwenye skrini, mara nyingi hutajiwa kwa mkupuo mmoja msimu wa kwanza wa True Detective, Mindhunter na Dark. Zote tatu zinahusu uhalifu, zote zimepigwa picha kwa uangalifu mkubwa, na zote zina sifa ya kuwa nzito, kwa hiyo aliyetajiwa hubaki njia panda kwa sababu sifa alizopewa zinafanana. Nimezitazama zote zaidi ya mara moja, na kila niliporudia nilizidi kuona kwamba tofauti yao kubwa imo katika swali hili: uovu umefichwa wapi ndani ya picha? Katika True Detective umefichwa kwenye ardhi, katika Mindhunter umefichwa kwenye nyuso na maneno, na katika Dark umefichwa kwenye mpangilio wa wakati. Anayejua jicho lake hupenda kutafuta wapi atachagua kwa urahisi kuliko anayeuliza ipi ni kali zaidi.

Vigezo ninavyotumia ni mwanga na rangi, mahali hadithi inapotokea, mwendo wa kamera, sauti, namna picha inavyobeba habari ambazo wahusika hawazisemi, na mwisho uzito wa kutazama, yaani ukatili, urefu, lugha na umakini unaohitajika. Mifano mingi nimeichukua katika sehemu za mwanzo. Ule mmoja wa sehemu ya nne ya True Detective haufichui mhalifu ni nani.

Kwanza, tunazungumzia kazi zipi

Msimu wa kwanza wa True Detective ulionyeshwa na HBO mwaka 2014 ukiwa na sehemu 8. Mwandishi wake ni Nic Pizzolatto, Cary Joji Fukunaga aliongoza sehemu zote nane, na Adam Arkapaw alisimamia upigaji picha. Misimu iliyofuata ina hadithi nyingine na waigizaji wengine, hivyo wa kwanza unaweza kutazamwa peke yake na ukatosha.

Mindhunter iliasisiwa na Joe Penhall na kutolewa na Netflix katika misimu miwili, mwaka 2017 na 2019, yenye jumla ya sehemu 19. David Fincher aliongoza sehemu kadhaa za kila msimu na mtindo wake ndio uliowekwa kuwa kipimo kwa waongozaji wenzake, huku sehemu nyingi zikipigwa picha na Erik Messerschmidt.

Dark ni tamthilia ya Kijerumani, ya kwanza ambayo Netflix iliagiza kutoka Ujerumani. Iliasisiwa na Baran bo Odar na Jantje Friese, ikatoka katika misimu mitatu kati ya 2017 na 2020, na ina sehemu 26. Odar aliziongoza zote, na Nikolaus Summerer alikuwa mpiga picha wake mkuu.

Mwanga na rangi

Watu wengi huanza kwa kudhani kwamba tamthilia ya giza ni ile iliyopigwa usiku, na True Detective inawasahihisha mapema. Maiti inayoanzisha upelelezi hukutwa mchana, chini ya mti mmoja mkubwa uliosimama peke yake katika shamba la miwa, mwili ukiwa umepigishwa magoti na kichwa kikiwa kimevishwa pembe za mnyama. Hakuna kivuli kizito cha kukukinga usione. Anga ni jeupe lililofifia, mashamba ni tambarare, na mwanga umesambaa sawasawa kila mahali kama vile hata jua halina nguvu ya kuonyesha upande wake. Msimu huu ulipigwa kwa filamu ya milimita 35, na chembechembe za filamu hiyo huipa hewa yenyewe uzito, kiasi kwamba mtazamaji anahisi unyevu na joto kabla mhusika hajafuta jasho. Kwangu mimi hiyo ndiyo hofu yake kubwa: jambo baya limefanyika peupe, na nchi nzima imelitazama.

Mindhunter hutumia mwanga wa mahali pa kazi. Taa za dari za ofisi, taa za magereza, taa ya chumba cha hoteli ya wasafiri; rangi ya njano iliyochanganyika na kijani na kahawia, kama karatasi iliyokaa kabatini kwa miaka mingi. Picha ni safi, imepigwa kwa kamera ya kidijitali, na vivuli vyake ni laini. Hakuna kinachokuambia uogope, na ndiyo maana hofu inapokuja huna pa kuiegemeza.

Dark ndiyo yenye giza kwa maana ya moja kwa moja. Mvua hainyamazi, msitu ni wa kijani kilichokaribia weusi, mapango huonekana kwa tochi tu, na nyumba zina taa ndogo zilizosimama mbali na watu. Katikati ya ukungu huo wote imewekwa rangi moja inayopiga kelele, nayo ni njano ya koti la mvua analovaa kijana Jonas. Rangi hiyo haikuwekwa kwa urembo, kwa kuwa ukiendelea kutazama utakutana nayo tena kwenye mapipa ya taka za kinu cha nyuklia kilicho karibu na mji, na bila mtu yeyote kutamka neno, jicho lako limeshaunganisha mtoto, msitu na sumu.

Kuna jambo la kivitendo hapa ambalo halitajwi vya kutosha. Dark inaumia sana ikitazamwa kwenye skrini ndogo ya simu mchana, kwa sababu nusu ya kilichomo pangoni hupotea kwenye mng'ao wa kioo. True Detective inavumilia zaidi kwa kuwa imejaa mchana, na Mindhunter inavumilia kuliko zote mbili, kwani karibu kila kitu cha maana kiko usoni mwa mtu aliyeketi.

Mahali

Hapa True Detective haina mpinzani kati ya hizi tatu, na nasema hivyo nikijua kwamba wapo watakaonipinga kwa ajili ya msitu wa Dark. Jimbo la Louisiana nchini Marekani limepigwa picha kama mhusika mwenye maradhi. Katika fremu nyingi wapelelezi wawili, Rust Cohle anayeigizwa na Matthew McConaughey na Marty Hart anayeigizwa na Woody Harrelson, wanaendesha gari barabara iliyonyooka, na nyuma yao, mbali kabisa, minara ya viwanda vya kusafisha mafuta inatoa moshi polepole. Hakuna anayetueleza kwamba maji yanakula pwani au kwamba watu wameachwa na serikali yao. Tunaona makanisa yaliyoungua, shule zilizofungwa, nyumba zilizozungukwa na majani marefu, na tunaelewa jinsi mtoto anavyoweza kupotea mahali kama hapo bila kuulizwa. Hata utangulizi wake, uliopata tuzo ya Emmy, umechora mandhari ya viwanda na barabara ndani ya nyuso na miili ya watu, kana kwamba ardhi imewaingia wakazi wake.

Katika Mindhunter mahali ni chumba. Kitengo cha FBI kinachochunguza tabia za wauaji kimewekwa chini ya jengo, bila dirisha, na kutoka hapo wapelelezi Holden Ford na Bill Tench huruka kwenda mji huu na ule kukaa katika vyumba vingine visivyo na dirisha. Majina ya miji katika msimu wa kwanza hujaza skrini kwa herufi kubwa, lakini chumba kinabaki kilekile: meza, viti, ukuta wa matofali, mlinzi mlangoni. Wapo watakaochoshwa na jambo hilo. Mimi naliona kuwa ndilo msingi wa kazi nzima, kwa sababu nje kukishafutwa hubaki mtu na mtu.

Dark imejengwa juu ya mji wa kubuni uitwao Winden, wenye msitu, pango, kinu cha nyuklia na familia nne ambazo zimefungamana kuliko zinavyojijua. Mji ni mdogo kwa makusudi. Mtazamaji hurudishwa mara kwa mara kwenye barabara ileile ya msituni, mlango uleule wa pango na jiko lilelile, na mazoea hayo ni ya lazima, kwa sababu baadaye ataonyeshwa mahali palepale katika mwaka mwingine na atatakiwa apatambue mwenyewe.

Mwendo wa kamera

Wanaopenda kuona kamera ikifanya jambo la kushangaza wataridhika na dakika za mwisho za sehemu ya nne ya True Detective. Cohle ameingia kwa siri katika genge la waendesha pikipiki linalokwenda kuvamia nyumba ya wauza dawa za kulevya, na mpango unaharibika. Kuanzia hapo kamera inamfuata kwa takriban dakika sita bila kukatwa: sebuleni, jikoni, uani, nyumba ya pili, huku akimburuta mtu anayemhitaji akiwa hai, helikopta ikizunguka juu, risasi zikilia mahali asipopaona yeye wala sisi, mpaka wanaruka uzio wa waya na gari la Hart linasimama mbele yao. Kukosekana kwa mkato kunaleta athari moja mahsusi. Kwa kawaida mkato humpumzisha mtazamaji, humwambia kwamba kuna mtu anayeisimulia hadithi na anajua inakokwenda. Unapoondolewa, unabaki umefungwa pamoja na Cohle ndani ya dakika zilezile, na kila kona ni kona yako. Sehemu hiyo ndiyo iliyompatia Fukunaga tuzo ya Emmy ya uongozaji na Arkapaw ya upigaji picha.

Mindhunter huenda njia iliyo kinyume kabisa. Kamera haishikwi mkononi ila kwa nadra mno. Inakaa, na ikisogea inasogea kwa kipimo kilekile cha mhusika: akiinuka inainuka naye, akigeuka inageuka naye, akitulia inatulia. Baada ya nusu saa hutambui tena kwamba kuna kamera. Mtazame Edmund Kemper, muuaji halisi anayeigizwa na Cameron Britton, anapoketi mbele ya Holden kwa mara ya kwanza: mtu mkubwa mno, mpole, mwenye miwani, anayejieleza kwa lugha fasaha kuhusu mambo ambayo huwezi kuyarudia mezani. Kamera haimkaribii kwa pupa. Inasubiri, na mikato inaanza kuhesabu nani anamtazama nani na kwa muda gani, hata unatambua kwamba anayehojiwa ni Holden.

Kamera ya Dark huteleza taratibu na kupenda ulinganifu: mlango katikati ya fremu, barabara iliyogawanya msitu nusu kwa nusu, mtu aliyesimama kwenye mhimili. Utangulizi wake umetengenezwa kwa picha zilizokunjwa kama kwenye kioo, upande mmoja ukirudia mwingine, na ni kama ufunguo uliokabidhiwa mlangoni kwa yeyote aliye tayari kuutumia.

Sauti

Kuhusu sauti nitakuwa mfupi, kwa kuwa tofauti zake husikika mapema. True Detective ina muziki uliosimamiwa na T Bone Burnett, wenye ladha ya nyimbo za kale za Marekani ya kusini, na wadudu wa mashambani wakijaza kimya. Dark ina muziki wa Ben Frost, mzito, wenye milio inayopanda kama chuma kinachopindwa, na kwa baadhi ya watazamaji unasukuma hisia kupita kiasi. Mindhunter hutegemea zaidi sauti za vitu: pingu juu ya meza, kiti kinachoburutwa, kitufe cha kinasa sauti kinachobonyezwa.

Kinasa sauti hicho kinastahili neno zaidi. Katika utangulizi tunaona mikono ikikiandaa: kanda inawekwa, waya unaunganishwa, kipaza sauti kinasimamishwa, kila kitu kwa utaratibu wa fundi. Katikati ya vitendo hivyo vya kawaida huchomoza picha ya maiti, kwa muda mfupi mno hata mtu akajiuliza kama ameiona kweli, kisha mikono inaendelea na kazi yake. Hadithi nzima imo humo: ofisi nadhifu, na kile ambacho ofisi hiyo imekaribisha ndani.

Kile ambacho picha inasema na wahusika hawasemi

Kigezo hiki ndicho ninachokithamini kuliko vyote, kwa sababu hapa ndipo picha inapoacha kuwa pambo la mazungumzo.

True Detective husimulia katika nyakati tatu, 1995, 2002 na 2012, na wanaume wawili wanaohojiwa mwaka 2012 hawasemi ukweli wote. Maneno yao yanakwenda upande mmoja na picha upande mwingine. Wanasimulia tukio kwa sauti tulivu, nasi tunaonyeshwa lilivyotokea kweli, na pengo kati ya sauti na picha ndilo linalotufundisha tabia zao. Vitu vidogo navyo husema: Cohle, sasa akiwa na nywele ndefu na uso uliochakaa, hukata makopo ya bia kwa kisu na kuyakunja kuwa vijitu vidogo, akivipanga mezani wakati akizungumza. Hakuna anayemuuliza ni vya nini. Mtazamaji mwenye subira ataviangalia na kukumbuka mambo mengine yaliyopangwa kwa mikono katika hadithi hii.

Mindhunter inabeba habari kupitia kile inachokataa kuonyesha. Ukiacha tukio la kutisha la utekaji linalofungua sehemu ya kwanza, na picha za maiti zinazopitishwa mezani, mauaji yenyewe karibu yote yanabaki katika maneno, na kazi ya kuyaona inaachiwa kichwa chako. Mabadiliko ya Holden nayo yanasomwa machoni na mabegani: namna anavyokaa mbele ya wafungwa, namna anavyoanza kuzungumza na mpenzi wake kama anavyozungumza nao. Hakuna tukio moja la kusema hapa ndipo alipobadilika, na nadhani huo ni uaminifu mkubwa kwa jinsi watu wanavyobadilika.

Dark huifanya picha kuwa ushahidi. Mapema kabisa mwili wa mtoto unapatikana msituni, na nguo zake pamoja na kifaa chake cha kusikilizia kaseti ni vya miaka ya 1980, ilhali mwaka ni 2019. Polisi wanahangaika; wewe umeshapewa jibu kupitia nguo, ila bado hujui kwamba ni jibu. Baadaye tamthilia hugawanya skrini na kuweka uso wa mtu akiwa kijana kando ya uso wake akiwa mzee, na uteuzi wa waigizaji umefanywa kwa makini kiasi kwamba unamtambua mtu kwa paji la uso au kwa namna anavyoinamisha shingo kabla jina lake halijatajwa. Sijui tamthilia nyingine inayodai mtazamaji akariri nyuso namna hii, na inayomlipa hivyo akizikariri.

Uzito wa kutazama

True Detective ni fupi, takriban saa nane kwa jumla, na hadithi inafungwa. Uzito wake uko katika maudhui: ukatili dhidi ya wanawake na watoto, uchi, na mazungumzo ya kukata tamaa ambayo hayamwachi mtu salama akiwa tayari na huzuni yake. Wanawake wengi ndani yake wamechorwa kwa jicho la wanaume wawili wanaosimulia, na dosari hiyo inaonekana zaidi kila unaporudia kuitazama.

Mindhunter ni tulivu kwa macho na ngumu kwa masikio. Maelezo ya wauaji yanatokana na watu waliokuwepo kweli, na msimu wa pili unagusa mauaji ya watoto ya Atlanta ya kati ya 1979 na 1981, yaliyoacha majeraha halisi katika familia halisi. Anayetaka mwisho uliokamilika ajue mapema kwamba baada ya msimu wa pili nyuzi kadhaa zimebaki zikining'inia, ukiwemo uzi wa yule fundi wa ving'ora ambaye huonekana kwa vipande vifupi, mara nyingi mwanzoni mwa sehemu.

Dark ina ukatili kiasi, lakini inachosha akili kuliko hizo mbili. Mazungumzo ni ya Kijerumani, na uchaguzi kati ya sauti iliyotafsiriwa na maandishi chini ya picha una gharama zake. Maandishi huvuta jicho chini wakati habari muhimu iko ukutani nyuma ya mhusika. Sauti iliyotafsiriwa huliachia jicho uhuru, ila huondoa mtetemo wa sauti za waigizaji wenyewe, ambao katika kazi tulivu kama hii ni nusu ya uigizaji. Mimi huchagua maandishi na kusimamisha picha kila ninapohisi nimepitwa. Hadithi inakamilika katika msimu wa tatu, na waandishi walijua wanakokwenda.

Kuchagua kulingana na hali yako

Ukiwa na siku chache tu na unataka kazi moja iliyoanza na kuisha, anza na msimu wa kwanza wa True Detective. Inamfaa pia mtu anayependa mandhari, anayejifunza upigaji picha, au anayetaka kuelewa jinsi mahali panavyoweza kubeba hatia ya watu wake. Iahirishe ikiwa uko katika kipindi kigumu cha moyo, au picha za miili iliyodhalilishwa hukusumbua kwa siku nyingi.

Ukipenda mazungumzo, saikolojia na uigizaji wa karibu, na ukiwa huhitaji kufukuzana kwa magari ili ubaki macho, Mindhunter itakushika. Ndiyo inayofaa pia ikiwa skrini yako ni ndogo au chumba chako kina mwanga mwingi. Kwa anayeandika au kuongoza kazi zake mwenyewe kwa bajeti ndogo ningeshauri aanze hapa, kwa sababu atajifunza kinachowezekana kwa meza moja, watu watatu na subira. Asiyevumilia hadithi isiyofungwa aiache.

Ukipenda mafumbo, ukifurahia kuchora mti wa ukoo kwenye karatasi, na ukiwa na majuma kadhaa ya kutazama bila kuruka, chukua Dark. Itazame usiku, taa zikiwa zimezimwa, na simu iwe mbali, kwani kuangalia pembeni kwa sekunde kumi kunaweza kukukosesha uso utakaouhitaji sehemu tano baadaye. Ikiwa mnatazama wawili, na mmoja wenu huchoka haraka kusoma maandishi, jaribuni sehemu mbili za mwanzo kwa sauti iliyotafsiriwa kabla ya kuamua, kisha rudieni ya kwanza kwa Kijerumani mkiwa mmeshazijua nyuso.

Na ikiwa umepanga kuzitazama zote tatu, mpangilio ninaoupendekeza ni Mindhunter kwanza, ili jicho lizoee kusoma nyuso. Kisha True Detective, ambamo litaanza kusoma kilicho nyuma ya nyuso hizo. Halafu Dark, itakayolitaka lifanye yote mawili kwa pamoja.